Vitamini B za Nafaka: Namna ya Kukokotoa Kinachomfikia Mnyama na Kuziba Pengo

Wafugaji wengi wanaojichanganyia chakula cha mifugo hukwama mahali pamoja. Wanachukua jedwali la virutubisho, wanajumlisha vitamini zilizomo kwenye mahindi, ngano na mashudu, wanaona jumla inatosha, kisha vifaranga wakifika wiki ya pili wanaanza kukaa chini, vidole vimejikunja kuelekea ndani. Wanarudia hesabu na kukuta haina kosa. Kosa liko kwingine: wamedhani kila kilichopimwa maabara mnyama naye anaweza kukitumia.

Sehemu kubwa ya baadhi ya vitamini B kwenye nafaka imefungwa ndani ya kabohidrati ngumu na protini. Maabara huzifungua kwa asidi au alkali kali kabla ya kupima, na hivyo jedwali linaonyesha kila kilichomo. Utumbo wa kuku au nguruwe hauna nguvu hiyo. Punje hupita, vitamini ikiwa bado imefungwa, ikatoka na kinyesi.

Mwongozo huu unaifuata hesabu hiyo hatua kwa hatua. Mfano wetu ni chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama, chenye asilimia 60 ya mahindi na asilimia 35 ya mashudu ya soya. Asilimia 5 iliyobaki ni mafuta, madini na chumvi, ambavyo havina vitamini B za kuhesabu. Baadaye tutaondoa mahindi na kuweka ngano mahali pake, tuone kinachotokea.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Orodha ya viambato vyako vyote, kila kimoja na asilimia yake halisi. Usiandike "debe mbili na nusu". Pima kwa kilo.
- Jedwali la kiasi cha vitamini kwenye kila kiambato.
- Mahitaji ya mnyama kwa umri wake. Hapa natumia yale ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, toleo la kuku la mwaka 1994.
- Lebo ya premiksi ya vitamini unayotumia, yaani mchanganyiko wa vitamini uliotayarishwa kiwandani wa kuongezwa kwenye chakula. Lebo yenyewe, si maelezo ya muuzaji.
- Mizani mbili: moja ya kilo, nyingine inayosoma gramu moja moja.
- Ndoo safi, turubai au mashine ya kuchanganyia, na pumba laini kavu ya kupunguzia makali ya vitamini.
- Daftari na kikokotoo.

Ukikosa mizani ya gramu, unaweza kuendelea hadi Hatua ya 5, lakini Hatua ya 6 usiiguse. Vitamini zinazopimwa kwa kijiko ndizo zinazoua kundi upande mmoja wa banda na kuacha upande mwingine ukinawiri.

## Hatua ya 1: Hakikisha mnyama wako anahusika

Ng'ombe, mbuzi na kondoo waliokomaa wana msaada mkubwa tumboni. Vijidudu vya rumeni (chumba kikubwa cha tumbo lao) huwatengenezea vitamini B karibu zote, na wakipata kobalti ya kutosha huwatengenezea hata B12. Kwa hao, habari ya vitamini kufungwa kwenye nafaka si ya kukunyima usingizi.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni ndama mchanga: rumeni yake haijaanza kazi, kwa hiyo anategemea maziwa au mbadala wake. La pili ni ng'ombe anayelishwa nafaka nyingi kwa ghafla, au anayepata salfa nyingi kwenye chakula na maji. Huyo anaweza kupata ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na thiamini: anapofuka ghafla, anasukuma ukuta kwa kichwa, anaanguka. Muite mganga wa mifugo saa hiyohiyo, kwa sababu sindano ya thiamini husaidia ikiwahi na haisaidii ikichelewa.

Sungura hula kinyesi chake laini cha usiku na hivyo huvuna vitamini zilizotengenezwa kwenye utumbo wake wa nyuma. Kuku na nguruwe nao wana vijidudu huko nyuma, lakini vitamini hizo hutengenezwa baada ya sehemu kubwa ya ufyonzaji kupita. Kuku wa sakafuni hupata kidogo kwa kudonoa matandiko. Kuku wa kwenye vizimba vya waya hapati hata hicho.

Kwa hiyo ukifuga kuku, bata, bata mzinga au nguruwe, endelea kusoma. Ukifuga bata, soma kwa makini zaidi, na sababu utaiona kwenye Hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Andika mahitaji, pamoja na umri

Kifaranga wa kuku wa nyama, kuanzia siku ya kwanza hadi wiki ya 3, anahitaji kwa kila kilo ya chakula:

- niasini (B3): mg 35
- riboflavini (B2): mg 3.6
- piridoksini (B6): mg 3.5
- thiamini (B1): mg 1.8
- asidi ya pantotheni (B5): mg 10
- biotini (B7): mg 0.15
- foleti (B9): mg 0.55
- kobalamini (B12): mg 0.01
- kolini: mg 1,300

Hiki ni kiwango cha chini kabisa cha kuzuia upungufu. Hakina akiba ya joto kali, ugonjwa, wala chakula kilichokaa ghalani. Usikichukulie kama shabaha, ni sakafu.

Mahitaji haya pia yanategemea ulaji. Kuku wa mayai anayekula gramu 80 kwa siku kwa sababu ya joto anahitaji chakula chenye vitamini nyingi zaidi kwa kilo kuliko mwenzake anayekula gramu 110, maana mwili unahesabu miligramu kwa siku na haujui chochote kuhusu kilo za gunia.

Umefanikiwa ukiwa na safu moja ya namba kwenye daftari, na juu yake umeandika aina ya mnyama, umri na ulaji wake wa siku. Bila vitu hivyo vitatu, safu hiyo haina maana.

## Hatua ya 3: Tafuta jumla ya kwenye karatasi

Hapa unafanya kile ambacho umekuwa ukifanya siku zote: zidisha kiasi cha vitamini kwenye kiambato kwa sehemu yake ndani ya chakula, kisha jumlisha.

Kilo moja ya mahindi ina takriban mg 24 za niasini, 1.2 za riboflavini, 5 za piridoksini, 3.5 za thiamini na 0.06 za biotini. Kilo moja ya mashudu ya soya yaliyoondolewa maganda ina takriban mg 22 za niasini, 3 za riboflavini, 6 za piridoksini na 0.26 za biotini.

Niasini: 24 × 0.60 = 14.4, na 22 × 0.35 = 7.7. Jumla 22.1.

Riboflavini: 0.72 + 1.05 = 1.77.

Piridoksini: 3.0 + 2.1 = 5.1.

Biotini: 0.036 + 0.091 = 0.127.

Thiamini: mahindi peke yake yanatoa 2.1, tayari yamevuka 1.8 inayohitajika. Hii ndiyo vitamini B ambayo nafaka nzima inaitoa bila choyo, na ndiyo maana sitaigusa tena hadi tufike kwenye hifadhi. Angalizo ni moja tu: hiyo ni nafaka nzima. Thiamini imekaa kwenye kiini na tabaka la nje la punje, kwa hiyo ukilisha unga uliokobolewa au mchele mweupe uliosafishwa sana, umeshaitupa pamoja na pumba.

Ukiishia hapa, utasema piridoksini imezidi, biotini imekaribia, niasini imepungua. Hapa ndipo wengi hufunga daftari.

## Hatua ya 4: Kata kisichopatikana

Hatua hii ndiyo iliyofanya mwongozo huu uandikwe. Ichukulie vitamini moja baada ya nyingine, kwa sababu kila moja ina tabia yake.

### Niasini

Niasini ya mahindi, ngano, shayiri na mtama imefungwa kwa kiasi kikubwa sana. Sehemu ndogo tu iko huru, na haitabiriki kati ya punje na punje. Ushauri wangu ni mmoja na siutilii masharti: niasini ya nafaka ihesabu kuwa sifuri. Niasini ya mashudu ya soya ihesabu yote.

Kwa chakula chetu zile mg 14.4 za mahindi zinafutika. Zinabaki 7.7 za soya, wakati kifaranga anataka 35. Kwenye karatasi pengo lilikuwa mg 12.9, pengo la kweli ni 27.3, zaidi ya mara mbili.

Watu hujaribu kuifungua niasini hii nyumbani. Kusaga laini hakusaidii, kuloweka usiku kucha hakusaidii, wala kuchemsha kwa maji matupu. Kimeng'enya cha faitesi kinachouzwa kwa ajili ya fosforasi nacho hakina kazi hapa. Alkali, kama maji moto ya chokaa, huifungua kweli, lakini hiyohiyo huiharibu thiamini, na kwa mfugaji haina faida yoyote kuliko kuongeza niasini safi.

Kuna hoja nyingine utakayoisikia: mwili unaweza kutengeneza niasini kutokana na triptofani, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Ni kweli. Nguruwe huhitaji takriban mg 50 za triptofani kupata mg 1 ya niasini. Lakini ni triptofani ya ziada tu ndiyo hugeuzwa, baada ya mwili kumaliza kujenga nyama na manyoya, na mahindi ni maskini wa triptofani. Ukikokotoa protini kwa kubana, hiyo ziada huna. Usiihesabu.

Bata hali yake ni ngumu zaidi, kwa sababu mwili wake huigeuza triptofani kuwa niasini kwa shida sana. Anahitaji takriban mg 55 za niasini kwa kilo ya chakula, na kifaranga wa bata mzinga takriban 60. Ukimlisha kifaranga wa bata chakula cha vifaranga wa kuku chenye niasini ya kubana, viungo vya magoti vitavimba na miguu itapinda kama upinde. Nawaomba sana wanaofuga bata: msikubali kauli ya "chakula cha kuku kinatosha" mpaka muone niasini kwenye lebo.

Kwa wenye nguruwe, kuna jambo moja la kusoma vizuri. Majedwali mengi ya mahitaji ya nguruwe huandika niasini kwa kiasi *kinachopatikana*, si kiasi cha jumla. Ukilinganisha namba hiyo na jumla ya mahindi yako, unalinganisha vitu viwili tofauti.

### Biotini

Hii ndiyo inayowadanganya hata wataalamu wenye uzoefu, kwa sababu nafaka hazifanani. Biotini ya mahindi hupatikana karibu yote, na ya mashudu ya soya pia. Biotini ya ngano karibu haipatikani. Vipimo vingi huiweka kati ya sifuri na asilimia 10 hivi. Shayiri na mtama ziko chini pia, kwenye asilimia 10 hadi 20 au kuzidi kidogo.

Sasa ondoa mahindi, weka ngano asilimia 60. Ngano ina takriban mg 0.11 za biotini kwa kilo, karibu mara mbili ya mahindi. Kwenye karatasi: 0.066 + 0.091 = 0.157. Umevuka 0.15, unafurahi.

Sasa hesabu asilimia 10 tu ya biotini ya ngano: 0.0066 + 0.091 = 0.098. Chakula cha mahindi kilikuwa na 0.127 ya kweli. Ina maana umebadilisha nafaka, jedwali likakuambia hali imekuwa nzuri, kumbe imekuwa mbaya. Hili ndilo kosa linaloonekana kila mahindi yanapoadimika na watu wakahamia ngano au mtama bila kugusa premiksi.

### Riboflavini

Nafaka zote ni maskini wa riboflavini, na hata hiyo kidogo haipatikani yote. Kwa mchanganyiko wa mahindi na soya, tumia asilimia 60. Zile 1.77 zinakuwa 1.06, na kifaranga anataka 3.6. Pengo ni mg 2.5. Hakuna namna ya kulikwepa pengo hili kwa kucheza na nafaka.

### Piridoksini

Mahindi hutoa takriban asilimia 40 ya piridoksini yake, mashudu ya soya takriban 60. Kwa hiyo 3.0 × 0.4 = 1.2, na 2.1 × 0.6 = 1.26. Jumla 2.46 dhidi ya 3.5, ilhali karatasi ilikuonyesha 5.1. Upungufu wake bandani si wa kawaida, lakini akiba uliyodhani unayo haipo.

### Zilizobaki

B12 haipo kwenye nafaka yoyote, wala kwenye mmea wowote wa kawaida wa malisho. Andika sifuri. Kolini iko kidogo kwenye mahindi, takriban mg 620 kwa kilo, na nyingi kwenye soya. Ichukulie peke yake kwa sababu utakayoiona kwenye Hatua ya 6. Asidi ya pantotheni na foleti zijumlishe, kisha ziongeze kwa premiksi bila kusita, maana nafaka peke yake haifikishi.

Umefanikiwa ukiwa na safu mbili kando kwa kando: ya karatasi na ya kweli. Kama safu hizo mbili zinafanana, kuna mahali hukukata.

## Hatua ya 5: Soma lebo ya premiksi kama mkaguzi

Lebo huandika kiasi kwa kilo ya premiksi na kiwango cha kutumia kwa tani ya chakula. Zidisha vyote viwili.

Tuseme lebo inasema niasini mg 12,000 kwa kilo, tumia kilo 2.5 kwa tani. Hiyo ni mg 30,000 kwa tani, yaani mg 30 kwa kilo ya chakula. Pengo letu lilikuwa 27.3. Limezibwa, lakini akiba ni ndogo mno. Mimi ningetaka premiksi pekee itoe mahitaji yote, mg 35 au zaidi, na soya iwe ziada.

Sasa angalia mambo manne.

Kwanza, je, biotini imeandikwa kabisa? Premiksi kadhaa haziitaji. Kama chakula chako ni cha ngano, shayiri au mtama, premiksi isiyo na biotini haikufai, hata iwe na sifa gani nyingine.

Pili, premiksi ni ya nani? Ya kuku wa mayai haifai vifaranga wa nyama. Kuku wa mayai anahitaji niasini mg 10 tu kwa kilo akila gramu 100 kwa siku, na premiksi yake imepimwa kwa kumfikiria yeye.

Tatu, asidi ya pantotheni iko kwa umbo gani? Umbo la D pekee ndilo lenye nguvu. Kalsiamu D-pantothenati ina asilimia 92 ya asidi ya pantotheni. Ikiwa imeandikwa DL, nusu yake haifanyi kazi.

Nne, tarehe ya kutengenezwa. Zingatia hii kuliko tarehe ya mwisho wa matumizi.

Je, unaweza kuziba pengo bila premiksi? Kwa sehemu. Chachu kavu ya bia ina niasini nyingi inayopatikana, takriban mg 450 kwa kilo, na riboflavini takriban mg 37. Ukiiweka asilimia 3 unapata mg 13.5 za niasini na 1.1 za riboflavini. Ni msaada mzuri, lakini ni nusu tu ya pengo la kwanza na chini ya nusu ya la pili. Majani makavu ya lusini na maziwa ya unga huongeza riboflavini. Unga wa samaki huleta B12. Vitumie kupunguza pengo, kisha upime tena. Kwa vifaranga wa nyama wanaokua haraka, sijaona mchanganyiko wa viambato vya asili pekee unaofikisha niasini kwa uhakika.

## Hatua ya 6: Changanya ili kila mdomo upate

Tuseme unaongeza biotini mg 0.1 kwa kilo ya chakula cha ngano. Kwa tani hiyo ni mg 100. Bidhaa ya biotini ya asilimia 2 ina mg 20 kwenye kila gramu, kwa hiyo unahitaji gramu 5. Gramu tano ndani ya kilo elfu moja. Ukizimwaga moja kwa moja kwenye mashine, kuku mmoja atakula dozi ya wenzake mia.

1. Pima gramu 5. Zichanganye na gramu 100 za pumba laini kavu ndani ya chombo chenye mfuniko, tikisa na ugeuzegeuze.
2. Ongeza pumba hadi kilo 1, changanya tena.
3. Ongeza premiksi na chakula kilichosagwa hadi kilo 10, kisha hadi kilo 50. Kila mara ongeza kiasi ambacho bado unaweza kukigeuza chote kwa mikono.
4. Weka nusu ya nafaka kwenye mashine, mwaga mchanganyiko wako, kisha nafaka iliyobaki na mashudu.
5. Mafuta yaje mwisho. Yakitangulia, unga wa vitamini hugandamana na kuwa vibonge.

Onyo: usichanganye kloridi ya kolini na vitamini nyingine mapema. Hunyonya unyevu hewani na kuziharibu vitamini za jirani zake. Iingize moja kwa moja kwenye tani, peke yake. Na kumbuka kwamba unga wa kloridi ya kolini wa asilimia 60 una asilimia 52 hivi ya kolini yenyewe.

Umefanikiwa ikiwa sampuli kutoka juu, katikati na chini ya mashine zinafanana. Njia rahisi ya kujipima, kabla hujaiamini mashine mpya, ni kuweka kiasi kinachojulikana cha punje zilizotiwa rangi ya chakula, uchanganye, kisha uhesabu punje kwenye sampuli kumi za uzito sawa. Sampuli zikitofautiana sana, ongeza muda na upime tena.

## Hatua ya 7: Linda ulichoweka

Niasini na biotini ni ngumu kuharibika, ingawa mafuta yaliyochacha huimaliza biotini. Thiamini inaogopa joto, alkali na salfiti. Riboflavini inaogopa mwanga, hasa ikiwa imeyeyushwa kwenye maji ya kunywa. Usiweke maji yenye vitamini kwenye vyombo vya plastiki vinavyopitisha jua.

Funga premiksi vizuri, iweke mahali pakavu, pasipo na joto wala mwanga. Ikiwa ndani yake kuna madini na kolini, itumie mapema zaidi. Chakula kilichochanganywa kisikae zaidi ya wiki chache.

Vitu viwili huiondoa thiamini bila kelele. Samaki wabichi, wa aina kadhaa, wana kimeng'enya kinachoivunja, kwa hiyo wapikwe. Na amproliumu, dawa ya koksidia (vimelea vya utumbo), inafanana na thiamini kiasi cha kuizuia kuingia mwilini. Usizidishe dozi wala siku za matumizi. Kutoa thiamini nyingi wakati wa dawa huipunguza nguvu dawa yenyewe, kwa hiyo subiri imalizike.

## Hatua ya 8: Kagua miguu kila wiki

Chukua vifaranga kumi kutoka kona tofauti za banda. Mgeuze kila mmoja, uangalie nyayo, vidole, magoti, pembe za mdomo na kope.

Riboflavini. Kifaranga anakaa kwa magoti, anatembea akijisaidia kwa mabawa, vidole vimejikunja ndani. Hamu ya kula ipo. Tatizo ni kufika kwenye chakula, na ndiyo maana anakonda. Huanza wiki ya kwanza hadi ya tatu. Usichanganye na ugonjwa wa Marek, ambao kwa kawaida huwapata wakubwa zaidi na mara nyingi mguu mmoja huelekea mbele, mwingine nyuma.

Biotini. Ngozi ya nyayo inakauka, inapasuka, inatoka damu, kisha vidonda vinajitokeza kwenye mdomo na macho. Kwa nguruwe jike, kwato hupasuka. Vifaranga wa nyama wanaolishwa ngano wanaweza pia kufa ghafla baada ya kukosa chakula kwa saa chache. Ukiwapasua utakuta ini na figo vimepauka na kuvimba kwa mafuta. Kabla hujalaumu biotini kwa vidonda vya nyayo, pima matandiko kwa kiganja. Yakiwa yamelowa, hayo yenyewe hutengeneza vidonda.

Asidi ya pantotheni. Inafanana na biotini, ila mpangilio ni kinyume: huanza kwenye pembe za mdomo na kope, miguu hufuata. Nguruwe hutembea akinyanyua miguu ya nyuma juu, kwa mwendo mkakamavu.

Niasini. Magoti makubwa, miguu iliyopinda, mdomo mwekundu ndani, manyoya duni. Kwa nguruwe, kuhara na ngozi kavu yenye magamba.

Thiamini. Kuku anaacha kula, kisha kichwa kinavutwa nyuma kana kwamba anatazama juu.

## Ukikuta dalili tayari

Watoe walioathirika na uwaweke karibu na chakula na maji, maana wengi hufa kwa njaa na kiu wakati vitamini ikiwa njiani. Mpe kundi zima vitamini B kwenye maji kwa siku tatu hadi tano, ukibadilisha maji kila siku, huku ukirekebisha chakula chenyewe. Vitamini za maji bila kurekebisha chakula zitakurudisha hapohapo wiki inayofuata.

Vifaranga waliojikunja vidole kwa upungufu wa riboflavini hupona vizuri wakipata dozi mbili zinazofuatana za mikrogramu 100 kila moja, mradi wawahiwe. Neva zikishaharibika kwa muda mrefu, vidole havinyooki tena hata vitamini ikijaa.

Miguu ya bata iliyopinda sana nayo hubaki hivyo. Waliopinda kidogo huanza kusimama vizuri baada ya siku kadhaa za niasini. Walinganishe na wenzao wa tundu lilelile, na uandike tarehe uliyobadilisha chakula, ili ujue kama unaowaona wagonjwa wiki ijayo ni wa zamani au ni wapya. Wakiwa wapya, rudi kwenye Hatua ya 6 uchukue sampuli tena, kwa sababu vitamini imeingia kwenye mashine lakini haijaenea.